Aliyeagwa Kabla ya Kuchagua

Rispa aliagwa Jumapili moja ya Julai, mwaka wa sabini na tisa. Akaagwa kwa maombi, kwa nyimbo na kwa kuku watatu, na kesho yake akaamka pale pale Makongeni, hajaenda popote wala hajaamua kwenda.

Mtu ataniuliza, aliagwaje kabla ya kuamua? Hilo ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe, tena kwa hasira. Alitoka kanisani akiwa na njaa zake tu, akakuta viti vya majirani vimejaa uani, Mzee Zedekiah wa baraza la kanisa keshavaa miwani, akina mama wanapakua wali, na baba yake, Tobias, amesimama mlangoni ndani ya suti yake ile ile ya harusi na mazishi. "Tumekuja kukuaga, binti yetu," Mzee Zedekiah akasema. Kabla Rispa hajafungua kinywa, alikuwa amekalishwa katikati na mikono ya watu wazima imejaa kichwani. Sasa mikono ikishafika kichwani, utamwambia nani kwamba kuna jambo hujalimaliza? Akafumba macho, akaombewa safari njema.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Rispa alikuwa na digrii moja na alitaka ya pili. Aliomba nafasi mahali pawili, na kote wakamkubali. Chuo kikuu cha hapa hapa Nairobi kilimpa nafasi ya kusomea uhusiano wa kimataifa: mikataba, mabalozi, nani kagombana na nani na nani kawapatanisha. Chuo kimoja cha Uholanzi nacho kikampa nafasi ya kusomea sera za umma: serikali huamuaje nani apate maji, nani apate nyumba, na nani aambiwe asubiri.

Ukilitazama vizuri, lilikuwa jambo la kuchekesha. Anayetaka kuijua dunia abaki nyumbani, na anayetaka kuyajua ya nyumbani apande ndege! Na ukilifuata hadi mwisho lilizidi kugeuka. Maana aliyesomea ubalozi, akishamaliza, ndiye anayetumwa leo Bonn, kesho Addis Ababa, kesho kutwa Moscow, na nyumbani anapaona likizo kwa likizo. Wa sera za umma anarudi na digrii yake, anapewa meza, anakaa. Kwa hiyo kozi ya hapa ingempeleka mbali baadaye, na ile ya mbali ingemrudisha.

Lakini imrudishe wapi? Hapo ndipo palipomuuma. Wao walikuwa wawili tu, yeye na baba yake, tangu mama yake alipofariki miaka mitatu nyuma. Tobias alikuwa fundi wa breki za mabehewa katika karakana ya reli, na zile nyumba za Makongeni zilikuwa za reli. Unakaa ukiwa kazini. Siku unayostaafu unarudisha ufunguo, unafunga virago, unakwenda kwenu, na kwao Tobias kulikuwa Ugenya. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Rispa akienda Uholanzi, siku ya kurudi angekuta watu wengine wanaanika nguo kwenye kamba ya mama yake. Akibaki, angeipata miaka hiyo miwili ya mwisho, yeye na baba yake, katika vyumba vile viwili alimozaliwa. Hiyo ndiyo mizani aliyokuwa akiishika, na ndio kwanza alikuwa ameishika watu walipokuja na kuku wao wakampa mkono wa kwaheri.

Wewe jaribu kuishi mahali ulipokwisha kuagwa. Jumatatu asubuhi alikwenda bombani, na jirani yao wa mlango wa pili, Phelister, ambaye wote walimwita Mama Gordon, akaiacha ndoo yake ifurike.

"Ala! Rispa! Bado uko?"

"Bado niko, Mama Gordon."

"Ndege imechelewa?"

"Hapana. Ni… bado kidogo."

"Haya basi," Mama Gordon akasema, na akamtazama kwa huruma, kana kwamba ni mtu aliyepatwa na jambo la aibu. Hakuwa na ubaya. Jana tu alikuwa amelia hadi kitambaa kikalowa, na mtu aliyekulilia hivyo, akikuona kesho yake umebeba ndoo, anaona haya kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Alhamisi kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Rispa aliingia akakuta Jecinta amesimama mahali pake, mstari wa mbele, mkono wa kulia, anaimba sehemu yake na anaiimba vizuri, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mwalimu wa kwaya akakuna kichwa. "Sisi tulidhani…" Rispa akamwambia asijali, akaketi benchi la nyuma na wageni, akasikiliza mpaka mwisho na kupiga makofi. Alipopita Soko la Burma kununua matumbo, yule kijana wa buchari akamwita, "Niaje, siste! Si nilisikia ulienda majuu?"

"Bado."

"Basi ukienda usitusahau." Akamfungia matumbo, akageukia mteja mwingine.

Hayo angeyavumilia. Kilichomvunja moyo ni chumvi. Miaka nenda miaka rudi Mama Gordon alikuwa akibisha mlango wao jioni kuomba chumvi, au kiberiti, au kitunguu kimoja tu, na anapokipata anasimama mlangoni nusu saa kueleza nani kafanya nini. Sasa alipita mlangoni kwao, Rispa akisikia hatua zake, akaenda kuomba nyumba ya mbele. Hakuna aliyemwambia Rispa habari yoyote tena. Ya nini kumwanzishia hadithi mtu ambaye hatakuwepo mwisho wake? Habari zilikuwa zinazungumzwa, zinachekwa, zinabishaniwa, zote kule upande wa pili wa ukuta, na yeye ameketi kitandani akiwa na upweke ambao hakuwahi kuusikia hata mwaka ule wa msiba. Wakati wa msiba angalau watu walikuja.

Na nyumbani ndani? Ndani kulikuwa na Tobias, na Tobias hakuwa mtu wa maneno. Alirudi karakanani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko, akafungulia redio, akala. Rispa alimkabili siku ya kwanza.

"Baba, kwa nini uliita watu?"

"Watu walitaka kukuaga."

"Lakini sijaamua! Nilikuambia nafasi ni mbili. Nilikuambia bado nafikiri."

Tobias akauangalia ugali. "Unapoa huo," akasema.

Ebo! Utafanya nini na mtu kama huyo? Ndivyo alivyokuwa tangu mkewe aondoke. Rispa alizoea kuongea peke yake mezani. Alikuwa na kazi ya muda na mtafiti mmoja, ya kuzunguka mitaa ya Eastlands mlango kwa mlango akiuliza familia ngapi zinatumia bomba moja, na jioni aliyamwaga yote aliyoyaona, huku baba yake akitafuna na redio ikisoma taarifa ya habari. Aliongea ili nyumba isinyamaze. Hakutarajia jibu, na hakupata.

Lakini sasa kimya kile kilianza kumchoma. Aliwaza usiku na mchana, na kila alivyowaza aliishia pale pale: baba anataka niende. Amechoka nami. Msichana wa miaka ishirini na sita, hajaolewa, anajaza nyumba kwa kelele za mabomba ya watu, nani asingechoka? Kama angekuwa ananitaka, si angengoja niamue? Rispa hakuwa akiomba makubwa. Alitaka mtu mmoja tu katika Makongeni yote, hata awe mlevi, amwambie, "Rispa, baki." Hakuna aliyesema. Walimwambia asisahau kuandika.

Basi akashikwa na ukaidi. Kama hakuna wa kunibakisha, akasema moyoni, nitajibakisha mwenyewe. Atasoma uhusiano wa kimataifa, hapa, kila jioni atarudi Makongeni kupika, na hiyo miaka miwili ataikaa yote, wapende wasipende. Awe balozi baadaye, asiwe, hayo ni ya mbele.

Jumamosi walikwenda Burma, kama walivyozoea baada ya mshahara, kula nyama choma kwenye mabenchi ya nyuma. Moshi ulikuwa mwingi, na meza ya jirani walikuwa wanabishana mpira. Rispa alingoja nyama ikatwe, chumvi iwekwe, baba yake achukue kipande cha kwanza.

"Baba, nimechagua. Nitasoma hapa. Siendi Uholanzi."

Tobias aliacha kutafuna.

"Ni kozi nzuri sana," Rispa akaendelea, kwa haraka. "Uhusiano wa kimataifa. Nikimaliza naweza kuwa hata balozi."

"Mama," Tobias akasema. Alikuwa amempa bintiye jina la mama yake mzazi, na hakuwahi kumwita vingine. "Tangu lini unataka kuwa balozi?"

"Tangu… watu hubadilika, baba."

Tobias akamaliza kutafuna, akameza, akajifuta mikono polepole kwa karatasi. "Nyumba nimeirudisha," akasema.

"Nyumba gani?"

"Ile yetu. Nimewaambia ofisini kwamba mimi sasa ni mtu mmoja. Nyumba ya vyumba viwili ni ya mwenye familia, si haki niikalie peke yangu. Kuna kijana wetu wa karakana, Wekulo, ana mke na watoto, wamebanana chumba kimoja kama mizigo. Mwisho wa mwezi wanaingia. Mimi wamenipa chumba cha makapera kule Muthurwa."

Rispa alihisi benchi limemkimbia. "Lakini mimi niko! Baba, mimi niko hapa, hujawa mtu mmoja!"

"Ulikuwa umeagwa."

"Uliniaga wewe!" Sasa alikuwa akipiga kelele, na wale wa mpira wakanyamaza. "Hukuniuliza! Ulinitoa nyumbani bila kuniuliza, halafu ukaita kanisa zima lije lishuhudie! Kama umenichoka si ungesema?"

"Ningekuuliza, ungebaki," Tobias akasema.

"Na nikibaki kuna ubaya gani?"

"Ungebaki kwa ajili yangu. Si kwa ajili ya mabalozi." Akasogeza sahani kando. Mzee huyu ambaye kwa miaka mitatu hakuunganisha sentensi mbili sasa alikuwa akizitafuta moja moja na kuzipata. "Unafikiri mimi sisikii. Mabalozi hujawahi kunitajia hata siku moja. Kila jioni ni mabomba. Nyumba ishirini bomba moja. Yule mama mwenye mapacha anayeamka alfajiri kupanga foleni, anamwacha mmoja kwa jirani, mwingine anamfunga mgongoni. Yule mzee aliyekufungia mlango akidhani unauza Biblia. Siku ile ulirudi unalia. Ukasema kuna mtu mahali fulani ameketi, ndiye aliyeamua iwe hivyo, na wewe unataka kujua anaketi wapi na anaamuaje. Ulisema hivyo pale mezani kwangu. Mimi nilikuwa nakula, lakini nilisikia."

Rispa alikuwa amemsahau hata huyo mzee wa Biblia. Alikaa amemkodolea baba yake macho, na hasira yote ikamwishia, akabaki hana la kushika. Miaka mitatu alidhani anaongea na ukuta. Kumbe kila neno lilikuwa limeokotwa.

"Kwa nini hukunijibu hata mara moja?"

"Ningejibu nini? Mama yako ndiye aliyekuwa akikujibu. Mimi nilikuwa nasikiliza mkiongea. Alipoondoka, nikaendelea kusikiliza." Akashusha pumzi. "Sikujua unangoja zamu yangu."

Nyama ikaganda mafuta. Rispa alijua sasa amebakiwa na swali moja, na aliliogopa, akaliuliza hivyo hivyo.

"Baba, unataka niende?"

"Sitaki," Tobias akasema. "Sitaki hata kidogo. Ndiyo maana niliita watu. Nilijua nikishalisema mbele ya kanisa sitaweza kulirudisha. Ningengoja siku yenyewe ifike, ningekushika mkono nisikuachie."

Lilikuwa ndilo neno alilolitafuta Makongeni nzima, mlango kwa mlango, na sasa amelipata halimfai kitu. Angelipata juma moja mapema, angebaki. Lakini mtu aliyemwambia baki ndiye huyo huyo aliyemjua kuliko alivyojijua, na alichokijua ni kwamba hakuna siku Rispa angeipenda mikataba kama alivyoyapenda mabomba. Alilia pale pale juu ya sahani, bila kujificha, na Tobias akamwachia leso yake, ikinuka mafuta ya mashine.

Jumatatu akawaandikia Waholanzi kwamba anakuja.

Mwisho wa mwezi vitu vyao vilitoka kwa mkokoteni mmoja, na nusu vikabaki kwa mke wa Wekulo kwa sababu chumba cha makapera kisingevimeza. Watoto wa Wekulo walikuwa wakikimbia kutoka chumba hadi chumba wakishangaa kwamba viko viwili. Siku chache zilizobaki Rispa alilala kwa Mama Gordon, kwenye godoro la sebuleni, na Mama Gordon akarudi kuwa mwema kwake kama zamani. Alimpikia chai ya maziwa na kumtandikia shuka mpya, na akawakemea wanawe wasimsumbue mgeni. "Sasa naamini unaenda," alimwambia. Rispa alilala akisikia kupitia ukutani mtoto asiyemjua akikohoa katika chumba chake.

Jioni ya mwisho alikwenda Muthurwa. Tobias alikuwa ameshasema uwanja wa ndege hatakwenda. Kesho alikuwa na zamu, na kuaga alikwisha kuaga. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza, na jiko la mafuta mlangoni. Rispa alipika sukuma wiki na samaki, wakala wameketi kitandani wote wawili kwa kuwa kiti kilikuwa kimejaa nguo. Redio haikuwashwa. Tobias alikuwa akijitahidi, ungemwonea huruma.

"Huko Uholanzi," akasema, "maji yako?"

"Nasikia yako mengi mno, baba. Wanayazuia yasiwafunike."

"Loo." Akalifikiria hilo kwa muda mrefu. "Basi wanajua kuyapanga," akasema, na Rispa akacheka, na mara akanyamaza kwa sababu alitaka kuikumbuka sauti ya baba yake anapomjibu.

Jua lilipoanza kushuka, aliosha vyombo, akavipanga, akachukua kikapu chake. "Haya, baba," akasema. Tobias akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Unaenda wapi?"

"Nikusindikize."

Rispa akasimama mlangoni akimtazama anavyofunga kamba za viatu. Miaka ishirini na sita alitoka na kuingia katika nyumba ya baba huyu, akaenda shule, akaenda kwaya, akaenda chuo, na hakuna siku aliyosindikizwa. Wa nyumbani hasindikizwi. Anatoka tu, anauacha mlango wazi, watu hata hawainui macho. Anayesindikizwa ni mgeni.

Wakatembea bega kwa bega kupita vile vyumba virefu vya makapera, wanaume wakisalimia, "Mzee, una mgeni leo!" na Tobias akijibu ndiyo, nina mgeni. Walipofika mwisho wa majengo Rispa akajisikia akisema maneno ambayo wageni wote wa mama yake walikuwa wakiyasema: "Rudi sasa, baba, hapa panatosha."

"Hebu tufike pale mbele," Tobias akasema, kama mwenyeji yeyote.

Wakafika pale mbele, wakapapita, wakafika barabarani ambako magari ya jioni yalikuwa yakielekea Jogoo Road. Hapo Tobias akasimama. Alimshika mkono, akautikisa, akaendelea kuutikisa, kisha akauachia kama alivyoahidi mbele ya kanisa.

"Karibu tena, Mama," akasema.

"Asante," Rispa akasema, kwa kuwa ndivyo anavyojibu mgeni, akavuka barabara.